Jumbe na Kofia za Askari

Sisi tuliomjua tulimwita Jumbe, ingawa ujumbe wenyewe, ile kazi ya mkuu wa kijiji, alinyang'anywa kabla mimi sijazaliwa. Waingereza walimvua cheo, wakamfunga, wakamkataza asikanyage tena milima ya kwao, lakini jina walisahau kumvua, akaondoka nalo. Hapa Muscat, Azaiba mpaka Ansab, watu walimwita hivyo hivyo, wengine wakidhani ndilo alilopewa na babake. Wahindi wa maduka ya karibu na kwake walimwita Baba Jumbe. Daktari wa goti lake aliandika Jumbe kwenye faili, akasahihishwa na mwana wa mzee, akaandika tena Jumbe.

Mimi nilikuwa mtani wake. Naomba hili lieleweke mapema, maana bila hili hakuna atakayejua kwa nini mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu na gereji ya umeme wa magari kule mtaa wa Ghala, nilikuwa nikimwita mzee wa miaka tisini na kitu "kibogoyo" mbele za watu. Mama yake alikuwa Mluguru. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, na baba zetu kuwa Waarabu hakukutufutia hilo. Mtani wako anakutukana na hukasiriki, anachukua kuku wako na humdai, na siku ukifa anaingia kaburini mwako kabla yako, analala humo chali, hatoki mpaka wafiwa wampe kitu. Katika Muscat yote hii wanaoyajua haya ni wachache, na kila mwaka wanapungua.

Tulijuana kwa gari. Alikuja Ghala na gari lake la zamani, taa ya kushoto haiwaki, akakaa kwenye kiti cha plastiki huku amesimamisha bakora katikati ya magoti. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tabora. Akauliza, kwa upande wa mama? Nikamwambia. Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akachagua kioo kipya cha pembeni, akakitia kwapani, akaenda zake kwenye gari. Fundi wangu Mpakistani alimkimbilia akidhani ni mwizi. Mimi nilibaki nimeshika mlango, nacheka huku machozi yanatoka, kwa sababu tangu nihame Tabora nilikuwa sijaibiwa namna ile. Wiki ya pili nikaenda kwake Ansab bila ya kualikwa, nikala chakula chake cha mchana, nikaondoka nimevaa ndala zake. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Kwa hasira zake na Waingereza ungedhani hataki hata kusikia lugha yao. Wapi. Saa kumi kamili alasiri lazima anywe chai ya maziwa, na ikifika saa kumi na dakika tano anauliza kama mtu kafa jikoni. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza iliyochakaa, akiwasahihisha wajukuu wanaosoma shule za pesa nyingi. Dishidasha yake, kanzu ya Kiomani, ilipigwa pasi mpaka mikono. Na mtu wa kuchelewa hakumsamehe. "Mwingereza mwizi," alikuwa akisema, "lakini mwizi anayekuja kwa saa. Nyinyi hata kuiba mnachelewa."

Na lile la taa za barabarani ndilo lililonishinda kabisa. Alfajiri moja tunatoka msikitini, barabara tupu, hakuna hata paka, yeye kasimama kwenye taa nyekundu anangoja. Nikamwambia, Jumbe, wewe kweli ndiye uliyegomea serikali? Akaniangalia kwa upande. "Ile taa hainichimbii shamba," akasema, akaendelea kungoja.

Habari ya kugoma kwake niliisikia kwa njia mbili. Moja ni ya mwanawe, mtu mkubwa wa wizarani, mpole, mwenye heshima zake, anayempenda babake mpaka anampunguzia ukweli kwa mapenzi. Katika habari ya mwanawe Jumbe alikuwa juu ya jabali na bunduki, na Waingereza wanakimbia bondeni. Wajukuu waliichora hivyo, na picha ikatundikwa sebuleni. Jumbe akiipita picha ile alikuwa akiigonga kwa bakora. "Bunduki nliiona," alisema. "Ilikuwa ya askari."

Njia ya pili ni yake mwenyewe, na miaka niliyomjua mimi aliieleza Ghala tu, kwenye kiti cha plastiki, mbele yangu mimi mtani.

Kwa Waluguru ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba wake alipofariki, ujumbe ulimwangukia yeye, mtoto wa Mwarabu mwenye duka, kijana mwenye ndevu za kuanza. Wakati huo Mwingereza alikuwa ameingiwa na hofu ya udongo. Aliona milima mikali, aliona mito myekundu, akasema mvua itateremsha nchi yote baharini. Akaamuru kila nyumba ikate matuta ya ngazi mlimani. Jumbe hakuwa mtu wa kumsingizia adui, na alikiri kwamba udongo ulikuwa unashuka kweli. Lakini kukata ngazi kulifukia udongo mweusi wenye rutuba na kuleta juu ule mwekundu, na mahindi yaliyopandwa humo yalitoka urefu wa kiganja. Watu wakaenda kusema. Wakaambiwa ni wavivu. Asiyechimba akafungwa.

Na kazi ya jumbe ilikuwa nini? Kuandika majina ya wasiochimba. Basi mwezi wa kwanza akaandika kwa mwandiko mzuri jina moja tu, lake, akalipeleka kwa Bwana DC, Mwingereza mkuu wa wilaya. Bwana DC alicheka, akadhani kijana hakuielewa karatasi, akamweleza upya polepole. Mwezi wa pili akapeleka karatasi ile ile, jina lile lile. "Nliambiwa niandike wasiochimba," aliniambia, "na mimi nlikuwa sichimbi. Hapo nimesema uongo wapi?" Mwezi wa tatu Bwana DC akapanda mlima mwenyewe na askari wake.

Sasa sikiliza ujanja wa huyu kibogoyo. Askari walipofika jioni yake na kupiga kambi, yeye alikwenda kuwaamkia, akawapelekea ndizi, na katika mazungumzo akauliza kila mmoja kabila lake. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na sajini wao Mnyamwezi. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake.

Asubuhi askari wakawasimamia watu, mtaro wa kwanza ukachimbwa, mrefu, wa kufika kiunoni. Bwana DC akaingia hemani kunywa chai. Ndipo mama yake Jumbe akaja, kibibi kidogo, kaniki kiunoni, akauchungulia ule mtaro. Akasema, "Kaburi zuri. Nani kafa?" Akashuka humo, akalala chali, akakunja mikono kifuani. "Watani," akawaita askari, "mmetuchimbia kaburi na msiba hamkututangazia. Basi mimi sitoki bure." Wanawake wengine wazee wakamfuata mmoja mmoja, wakajipanga mle mtaroni kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Sajini aliinua fimbo. Akaishusha. Mnyamwezi yule alizaliwa akijua kwamba mtani aliyelala kaburini hatolewi kwa nguvu, ukimtoa kwa nguvu balaa linakufuata wewe na nyumba yako, hata uwe umevaa nguo za serikali. Na hakuwa na kitu cha kutoa. Alivua kofia yake nyekundu ya uaskari, akaiweka juu ya tumbo la yule kibibi. Kibibi akainuka, akaivaa, akaenda zake nyumbani. Askari wengine walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakavua zao.

Bwana DC alipotoka hemani alikuta askari wake vichwa wazi, na vikongwe vinapanda mlima vimevaa kofia za serikali ya Mfalme. Akauliza ni nini hii. Jumbe akamwambia, ni sheria, Bwana. Sheria ya nani? "Ya hawa na hawa," akajibu Jumbe. "Wewe humo."

Kwa lile "wewe humo" alilipa. Waliletwa askari wa makabila mengine, Jumbe akafungwa pingu mbele ya watu wake, akavuliwa cheo, akapelekwa jela ya mjini. Lakini vijiji vya jirani vilikuwa vimeshasikia habari ya kofia. Watu waliokuwa wakiogopa walikuwa wamecheka, na aliyecheka ni kazi kumrudisha kwenye woga. Mlima mmoja ukaacha kuchimba, na wa pili, na wa tatu, mpaka serikali yenyewe ikaacha kuuliza habari ya matuta. Nikimwambia, Jumbe, mlimshinda, alikuwa akikunja uso. "Hatukumshinda. Tulimchosha. Kumshinda kungetaka bunduki, na bunduki unayo wewe?"

Tabia hiyo hakuiacha. Miaka michache nyuma mkandarasi mmoja alikuja kuchimba mtaro wa mabomba mbele ya nyumba yake Ansab, hakubisha hodi wala hakusema lolote. Asubuhi mafundi wanakuja, wamemkuta Jumbe yuko ndani ya mtaro, kakaa kwenye kiti, thermosi pembeni, kamusi mapajani. Msimamizi, Mhindi wa Kerala, alimbembeleza kwa Kiarabu, akambembeleza kwa Kiingereza. Jumbe akamwambia hana tatizo na mabomba, anataka kuambiwa. Basi yule bwana akavua kofia ya plastiki, akashuka mtaroni, akamweleza mzee kila bomba linakwenda wapi na mtaro utakaa wazi siku ngapi. Jumbe akamshukuru, akammiminia chai, akatoka. Mwanawe aliona aibu wiki nzima. Mimi nilicheka wiki mbili.

Kuna sehemu ya habari ile ambayo hakuisema mpaka mwaka wa sita wa kujuana kwetu, siku nilipomuuliza kwa mzaha kwa nini anamvumilia Mnyamwezi mchafu kama mimi.

Alipokuwa jela, mama yake alifariki. Aliyemletea habari ni yule yule sajini wa kofia, ameshavuliwa vyeo vyake, amewekwa mlinzi wa geti la jela. Jumbe akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Sajini akaomba ruhusa yake mwenyewe, akapanda milima ile kwa miguu, akafika kaburi limekwisha chimbwa, akaingia, akalala. Akatukana pale: kibibi mchoyo wewe, umeniibia kofia, umenikatisha mshahara, leo nimeifuata na sitoki bila yake. Na wafiwa wakaenda ndani, wakaitoa ile kofia nyekundu mvunguni mwa kitanda, alimokuwa ameihifadhi kibibi, wakampa. Ndipo marehemu akazikwa.

"Alirudi akanihadithia kwenye nondo," Jumbe aliniambia. "Matusi yote, moja moja, hakuruka hata moja. Nlicheka. Kisha nlilia mpaka asubuhi." Akazungusha bakora mkononi. "Mimi mwanawe sikuwepo. Lakini alikuwepo mtani, kwa hivyo mama alizikwa kama mtu wa pale. Mimi nikifa hapa, mtani, nitazikwa vizuri sana. Sanda safi, watu wengi, kimya. Kama mgeni aliyepita njia. Hakuna atakayejua kwamba nlikuwa jumbe wa watu."

Nikamwambia, nipo mimi. Nitakutukana mpaka wafu wa jirani waombe kuhama. Nilisema kwa mzaha, na yeye akaniangalia bila ya mzaha wowote, akasema amelipokea. Hapo nikajua nimeahidi.

Mwanawe alipoipata habari alinijia Ghala mwenyewe, kwa adabu zote. "Ami," akaniambia, "mambo hayo hapa hayapo. Kaburini hapachezwi. Ni bid'a, ni uzushi katika dini, na ni aibu, wallah ni aibu." Nikamjibu najua, mimi pia naswali. Naye akasema baba anazeeka, tusimtie maneno. Tukaachana kwa salama, na kila mmoja wetu alikuwa na haki yake.

Kisha nikaharibu mwenyewe. Kosa hili ni langu na nalikiri. Ilikuwa siku wanakuja watu kumposa mjukuu wa Jumbe, majlisi imejaa, wazee wa bara ya Oman wamekaa na kahawa yao. Mimi nimechelewa, naingia mlangoni, nia yangu kumchangamsha, nikapaza sauti: "Mtumwa wangu yuko wapi leo?" Kwa watani hiyo ni salamu. Bibi yangu alisalimiwa hivyo kila asubuhi kisimani, na akijibu hivyo hivyo. Lakini neno lile katika majlisi ya Muscat, kwa mtu ambaye mama yake alikuwa mweusi, mbele ya watu waliokuja kuchunguza ukoo, si salamu. Vikombe vilisimama hewani. Walioelewa Kiswahili waliwatafsiria wasioelewa, nikaona neno linatembea mkeka mzima. Jumbe peke yake alicheka, akajibu, "Nipo, mtumwa wangu, karibu." Mwanawe alinishika kiwiko, akanitoa mpaka kwenye gari langu.

Posa haikuvunjika, alhamdulillahi. Lakini mlango wa Ansab ulifungwa kwangu miaka miwili. Jumbe alikuja Ghala mwenyewe wakati goti lilipomruhusu, akaiba fyuzi na balbu, tukatukanana kidogo. Goti lilipokataa, hakuja tena. Nilimkosa, nasema wazi. Saa kumi ikifika nilikuwa nikikiangalia kile kiti cha plastiki na kumlaani.

Majira ya baridi yaliyopita simu ikalia, mwanawe. "Baba anakutaka," akasema. "Leo, Ami, ukiweza."

Nilifika kabla ya saa kumi kwa makusudi. Alikuwa amelazwa chumbani kwake kwenye kitanda kile cha kuinuka mgongo, amepungua mpaka bakora yake ilionekana nene. Picha ya bunduki walikuwa wameihamishia humo, ukutani juu ya kichwa chake. Mwanawe alisimama mlangoni, dishidasha nyeupe, kofia kichwani, hajakaa wala hajatoka.

"Umewahi," Jumbe akasema. "Dunia imekwisha."

Nikakaa. Chai ikaja, hakuinywa, aliishika tu. Akasema, "Ile ahadi naivunja. Mwanangu ana haki. Siku hiyo kaburini uje, ukae kimya, uniombee kama Muislamu." Mwanawe akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yanashuka. "Lakini maiti hasikii vizuri," Jumbe akaendelea, "na mimi nataka kusikia. Nitukane sasa."

Wallahi sikuweza. Miaka yote ile ya mdomo mchafu, nikafungua kinywa pakatoka hewa. Jumbe akamgeukia mwanawe. "Mnyamwezi kakosa matusi. Andika tarehe."

Basi nikaanza. Nikamwambia, jumbe gani wewe, jumbe wa ndizi na ukungu. Mla kuku wa watu. Umemgomea Mwingereza kisha umekaa miaka sabini unakunywa chai yake, na saa yake, na kamusi yake. Barabara tupu huwezi kuivuka mpaka taa ikupe ruhusa. Kibogoyo, mwizi wa vioo. Alikuwa anacheka bila ya sauti, kifua kinapanda na kushuka, nami nikapata moto, na likatoka lile ambalo sikupanga kulisema. Nikasema, "Na shujaa ni nani? Ulimtuma mama yako alale shimoni. Wewe umesimama pembeni na karatasi yako mkononi, msafi, na kibibi kimelala kwenye matope badala yako."

Mwanawe alipiga hatua kuja kwangu. Jumbe akainua kidole, akamsimamisha. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni, kwa vile amelala.

"Hilo," akasema. "Hilo nimelingoja tangu jela. Sajini alimtukana mama, mimi hakunitukana. Hakuna aliyeniambia."

Nikafanya lililobaki. Nikashuka kwenye kiti, na magoti yangu haya, nikalala chali sakafuni kando ya kitanda, nikakunja mikono kifuani. Nikasema, "Sitoki bure."

Kutoka pale chini niliona miguu ya mwanawe tu, viatu vyake vya ngozi, vimesimama. Alikuwa ameisikia habari ya kofia tangu mtoto, ile ya kweli, hata kama yeye alipenda ile ya bunduki. Viatu vikasogea. Akapiga magoti na dishidasha yake ile ya pasi, mtu mkubwa wa wizarani, akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akaniwekea juu ya tumbo. Mkono wake ukakaa pale juu ya kofia kidogo kabla hajauondoa.

"Inuka, mtumwa wangu," Jumbe akasema kutoka juu. "Umepewa."

Alifariki baada ya siku tisa. Walimzika vizuri sana, sanda safi, watu wengi, kimya. Mimi nilisimama safu ya tatu, nimefunga mdomo kama alivyoniagiza, nikamwombea. Mwanawe aligeuka mara moja kunitafuta kwa macho, akaona kichwani nimevaa nini, akageukia kaburi. Kofia yenyewe hainitoshi, inabana masikioni. Naivaa hivyo hivyo.